Gitaa la umeme la kwanza hapa Lubumbashi: lipi la kununua, lipi la kuacha dukani

Kila anayekuja kwangu Katuba kuniomba nimsindikize kununua gitaa huanza kwa kutoa simu mfukoni. Mmoja atanionyesha Jimi Hendrix, mwingine Slash na kofia yake ndefu, na wa kwaya, ambao ndio wengi, watanionyesha Diblo Dibala vidole vikiwa mbio. "Yaya (yaani ndugu mkubwa), natafuta kama hii." Bado sijampata wa kuniambia: Yaya, vidole vyangu ni vifupi, ninapiga mi-solo (gitaa la kati ya solo na ridhimu) kanisani, na mtaani kwetu umeme unarudi saa nane za usiku. Huyo ningemalizana naye kwa dakika tano.

Siwacheki, maana mimi mwenyewe gitaa langu la kwanza lilikuwa la umbo la V, lile linalofanana na mkia wa mbayuwayu. Nililiona kwenye bango, nikauza baiskeli. Jumapili ya kwanza kanisani nikakaa kitini kama wenzangu, nikaliweka pajani, likateleza. Nikalivuta, likateleza tena, kichwa kikagonga kiti cha mama wa sauti ya kwanza. Gitaa lile halina kiuno cha kukalia paja. Limetengenezwa kwa mtu anayesimama. Nilipiga mazoezi ya mwaka mzima nimesimama, saa mbili mbili, wanakwaya wakidhani nina ibada kuliko wao.

Basi kabla ya kupanga magitaa, tuwaangalie hao mashujaa kidogo, maana mambo yao hayafanani na mabango yao. Eddie Van Halen gitaa lake maarufu alilichonga na kuliunga mwenyewe kwa vipande vya bei rahisi. Brian May wa Queen alianza kutengeneza lake na baba yake mwaka 1963. Shingo ilitoka kwenye ubao wa jiko la kuotea moto, springi zikatoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, na mpaka leo anapiga kwa sarafu badala ya mediatori, kile kipande cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi. Eric Clapton alinunua Stratocaster (gitaa za kampuni ya Fender) kadhaa za zamani mwaka 1970, akachagua vipande vizuri, akaunganisha gitaa moja jeusi. Na Slash? Les Paul (aina ya gitaa ya kampuni ya Gibson) aliyorekodia albamu ya kwanza ya Guns N' Roses, ile ya 1987, haikutoka kiwanda cha Gibson. Ilikuwa nakala iliyochongwa na fundi. Kijana anatafuta "orijino kama ya Slash", kumbe Slash mwenyewe alikuwa na nakala. Sisi tuliokua tukiona vibanjo vya bidoni mtaani hatuna sababu ya kushangaa.

Shujaa ana kazi moja tu dukani: anakusaidia kusema unataka sauti gani. Sauti ya kung'aa, kavu, inayoruka kama seben, ile sehemu ya mbio ya kuchezea ya wimbo wa Kikongo? Hiyo ni mikro, kile kidude chini ya nyuzi kinachonasa sauti yao, ya koili moja. (Waswahili wa mashariki husema pikapu. Huku ukisema pikapu watu wanatafuta gari, kwa hiyo nitasema mikro kama wanamuziki wetu.) Sauti nene, yenye mafuta, inayoshika noti na kuivuta? Hiyo ni mikro ya koili mbili, ambayo Gibson walianza kuifunga kwenye magitaa yao mwaka 1957 ili kuua mvumo wa umeme. Shikilia hilo neno mvumo, tutalirudia.

Na usisahau shujaa wa nyumbani. Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, alipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, Afrika nzima ikasikia gitaa moja linalosikika kama mawili. Wengi wetu bado tunapiga hivyo bila kufundishwa. Mpigaji wa vidole anahitaji nafasi kati ya nyuzi, kwa hiyo dukani usijaribu kwa mediatori ya muuzaji. Jaribu kwa mkono unaopigia nyumbani.

Sasa mpangilio wangu. Ni wa mji huu, wa umeme huu na wa makanisa haya. Mtu wa Nairobi anaweza kuupanga tofauti.

La kwanza: lenye mikro mbili za koili moja na moja ya koili mbili karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao). Mfano unaopatikana ni Yamaha Pacifica 112. Jipya ng'ambo linachezea dola 300 na zaidi kabla ya nauli, lakini lililotumika vizuri ni bora kuliko jipya lisilo na jina. Naliweka juu kwa sababu ya mvumo. Kanisa likiwa kwenye jenereta, na nyaya za jengo zimeungwa na fundi aliyeahidi kurudi akapotea, mikro ya koili moja inanguruma kama nyuki kwenye debe. Ukiwa na hili unasukuma swichi kwenye koili mbili, kelele inashuka, mchungaji anahubiri. Umeme ukitulia unarudi kwenye seben. Yamaha pia hawana tabia ya kutoa gitaa moja zuri na la pili bovu. Nimeshika kama sita na zote zilikuwa na shingo nyoofu.

La pili: aina ya Telecaster, kwa mfano za Squier, ambayo ni kampuni ya Fender kwa magitaa ya bei ya chini. Umbo hili limekuwepo tangu 1950 na halijabadilika sana kwa sababu hakuna cha kubadilisha. Mikro mbili, vitufe viwili, swichi moja, daraja limefungwa kwenye ubao. Fundi wa redio yeyote wa Kenya, namaanisha komuni yetu ya Kenya, analifungua na kulirudisha. Kwa ridhimu sijui linalolishinda. Uzi ukikatika katikati ya wimbo, zilizobaki hazihami.

La tatu: aina ya Stratocaster. Najua wengi wangeliweka la kwanza, na kwa sauti peke yake wana haki. Gitaa la 1954, mikro tatu, na zile nafasi mbili za katikati ya swichi zinatoa sauti ambayo mpiga solo wa Kikongo akiisikia anatabasamu. Kwenye nyingi za siku hizi nafasi hizo hizo zinafuta mvumo, kwa kuwa mikro ya katikati imesukwa kinyume. Squier Sonic ilipotoka 2023 bei yake Marekani ilikuwa dola 200. Shida yake ni daraja linaloelea kwenye springi. Uzi mmoja ukikatika, mvutano unabadilika, nyuzi tano zilizobaki zinapanda zote, na wewe uko katikati ya sadaka. Dawa ipo: fungua kifuniko cha nyuma, chonga kipande cha ubao mgumu, kibane kati ya kipande cha chuma cha daraja na ubao wa gitaa, daraja linakaa kimya. Ukikubali kufanya hivyo siku ya kwanza, lipandishe mpaka la pili. Hendrix alipiga la mkono wa kulia akiligeuza chini juu kwa sababu alitumia kushoto, kwa hiyo wewe wa mkono wa kushoto usikae kusubiri la kwako lije kutoka Dubai.

La nne: aina ya Les Paul, na Epiphone ndiyo ya kutafuta. Sauti yake naipenda kuliko zote hapo juu. Nimeliweka la nne kwa ajili ya kichwa chake. Kimelala nyuma kwa pembe, na pale kinapokutana na shingo ubao ni mwembamba. Gitaa hilo kwenye mfuko laini, mgongoni mwa abiria wa pikipiki, barabara ya mashimo kuelekea Kenya au Ruashi: nimeshaunganisha vichwa vitatu kwa gundi na vibano. Pia ni zito, mengine yanapita kilo 4, na mkesha wa maombi unaisha saa kumi na moja alfajiri. Ukilinunua, nunua na sanduku gumu siku hiyo hiyo, usiseme nitalitafuta.

Nusu tupu, lile lenye matundu mawili kama fidla, aina aliyopiga B.B. King, ni tamu kwa mtu anayepiga taratibu. Kwenye ukumbi mdogo wenye spika kubwa linapiga kelele lenyewe. Liache mpaka uwe na gitaa lingine.

Yale yanayokuja kwenye katoni moja na ampli, mkanda na kila kitu: ya mtoto wa miaka kumi, sawa. La mwisho kabisa ni gitaa lenye jina kubwa kichwani na bei ndogo kwenye mdomo wa muuzaji. "Mukubwa, hii ni ya Amerika kabisa." Pitisha ukucha juu ya jina. Likiinuka kama stika ya ndizi, ni ya Amerika kwa jina tu. Linaweza kuwa gitaa zuri, lakini lilipie bei ya gitaa lisilo na jina.

Ampli, nataka nikae hapa kidogo. Umeme wetu ni volti 220. Ampli iliyotumika Marekani imetengenezwa kwa 120, na ya Japani kwa 100. Niliwahi kununua moja nzuri kwa muuzaji fulani, nzito, kitambaa chake cha mbele kimechakaa kidogo tu. Nikafika nyumbani, nikabadilisha plagi, nikachomeka. Taa nyekundu iliwaka kwa nguvu ambayo sijaiona tena, ikafuata harufu ya plastiki na uzi mmoja wa moshi kutoka nyuma, halafu kimya. Namba ilikuwa imeandikwa mgongoni mwake, karibu na waya, herufi ndogo. Sasa hivi kitu cha kwanza ninachosoma kwenye ampli si jina.

Kwa mtu wa nyumbani, nunua inayokubali betri. Roland Micro Cube inatumia betri ndogo 6, inabebwa kwa mkono mmoja, na umeme ukikatika wewe unaendelea. Kuna pia vile vidude vya kuchomeka moja kwa moja kwenye gitaa ukasikiliza kwa visikilizio. Kwa saa nane za usiku hivyo vinakutosha, na majirani hawatakuja mlangoni.

Na waya wa ardhi. Ukipiga gitaa huku mdomo unagusa mikrofoni na ukahisi kuchomwa kwenye midomo, acha wimbo. Nyuzi zako zimeungana na ampli, mikrofoni imeungana na mikseri, na moja kati ya hizo haina waya wa ardhi. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea mwaka 1972 kwa kushika mikrofoni isiyo na ardhi. Mwimbaji asiogope kuvalisha mikrofoni sponji, lakini dawa yenyewe ni fundi umeme.

Siku ya kununua nenda mchana. Lishike gitaa kama bunduki, jicho kwenye kichwa, tazama kando ya shingo mpaka darajani: upinde mdogo sana wa kwenda mbele ni mzuri, kujikunja kama mdomo wa bata ni kwaheri. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vya kukatiza shingo), moja moja, hata muuzaji akikohoa. Noti inayokufa mahali pamoja ni freti iliyoinuka, na hiyo ni hoja ya kupunguza bei. Zungusha vitufe vyote. Kelele ya mchanga kwenye kitufe ni vumbi, kelele kwenye tundu la jaki ni kazi ya kuunguza risasi, vyote vinatengenezeka. Kama ni Julai, pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Kiangazi chetu kinakausha ubao, unasinyaa, ncha za freti zinabaki nje zinakwaruza kama msumeno. Fundi anazipiga tupa kwa nusu saa. Gitaa lililonunuliwa Februari bila kasoro litakuonyesha meno yake Julai, usimlaumu muuzaji.

Dola zako ziwe safi. Noti yenye mchaniko wa nusu kidole itarudishwa usoni mwako hata kama gitaa limeshafungwa kwenye mfuko.

Bakiza pesa ya seti tatu za nyuzi. Anayeanza achukue 009 (namba ni unene wa uzi mwembamba kabisa wa seti), anayepiga ridhimu kwa nguvu 010. Wewe wa mi-solo ongeza nyuzi nyembamba za kwanza mbili au tatu za peke yake, kwa sababu siku moja utataka kuifunga mi-composé, ukitoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktavu moja juu, na mwembamba huo ndio unaokatika kwanza. Sisi tulianza na waya wa breki ya baiskeli. Unalia, hata kwa nguvu, lakini unakula freti, na shingo iliyoliwa ya gitaa langu la V nimeiweka mlangoni ili kila anayekuja na simu yake aipapase kwanza.