Adapta ya kebo ya ndani ya USB, kutoka pini 19 hadi pini 9

Mtu anayehamishia ubao mama wa zamani kwenye kasha jipya la kompyuta hukuta kwamba kebo ya matundu ya mbele ya kasha inaishia kwenye kichwa kinene cha USB 3.0 cha pini 19, ilhali ubao wake una pini 9 tu za USB 2.0. Ndivyo ulivyo ubao nilionao, wenye chipuseti (chipu inayoongoza mawasiliano ya ubao) ya Intel H61, ambayo yenyewe haina USB 3.0. Adapta ninayoieleza hapa, iliyouzwa bila jina la mtengenezaji, ni kipande kifupi cha kebo cha kuunganisha pande hizo mbili.

Kwa kazi hiyo sina lalamiko. Ncha moja ina kisanduku cha plastiki chenye pini, kinachopokea kichwa cha kebo ya kasha. Nyingine ina kichwa kidogo chenye safu mbili za vitundu, na kimoja kimezibwa ili kilingane na mahali ambapo ubao hauna pini. Kitundu hicho ndicho cha kutazamwa kabla ya kulipa, kwa sababu kikiachwa wazi kichwa huweza kuchomekwa kinyume na umeme wa volti 5 ukapita pasipotakiwa. Ni vyema pia kusoma maandishi yaliyochapwa ubaoni: MSI huandika JUSB, Gigabyte huandika F_USB, na baadhi ya mbao za miaka ya nyuma zina pini za IEEE 1394 (FireWire, aina nyingine ya kiungo cha vifaa) zilizopangwa sawasawa na za USB, ila hizo hubeba volti 12, ambazo zinaweza kuunguza flashi papo hapo.

Kinachonikera ni kifurushi, kilichoandikwa "USB 3.0" kwa herufi kubwa kana kwamba mnunuzi anapata kasi hiyo. Haipati. Kati ya pini 19, ni 8 zinazobeba data ya kasi ya USB 3.0, na hizo upande wa pili hazina pa kwenda, kwa hiyo matundu ya mbele, hata yakiwa na rangi ya buluu inayoashiria USB 3.0, hubaki kwenye megabiti 480 kwa sekunde badala ya gigabiti 5. Kwa kipanya, kibodi au printa hakuna tofauti yoyote. Lakini kunakili filamu ya gigabaiti 4 kutachukua kama dakika mbili, hata flashi ikiwa ya kasi kiasi gani. Umeme nao hupungua, kwa kuwa kiwango cha USB 2.0 ni miliampea 500 kwa kila tundu na cha USB 3.0 ni 900, na diski ya nje inayohitaji zaidi huweza kuwaka na kuzima bila kusomeka. Diski ya namna hiyo ni heri ichomekwe nyuma ya kompyuta, ingawa huko nako H61 haitoi zaidi ya USB 2.0.

Adapta hizi zipo pia za umbo la kipande kigumu kisicho na waya. Sizipendekezi: kebo ya USB 3.0 ni nene na haikunjiki kirahisi, na uzito wake wote huelemea pini nyembamba za ubao. Hii ya waya huacha kiungo kikae pembeni, na wakati wa kuchomoa unaweza kukishika kisanduku kwa mkono mmoja na kichwa kwa mwingine, bila kuugusa ubao. Katika kasha dogo, hata hivyo, waya wake wa ziada unahitaji kufungwa mbali na feni.

Kwa bei yake ndogo, inamfaa anayetaka tu matundu ya mbele yasikae bure. Anayetaka kasi yenyewe anunue kadi ya PCI Express, yaani kadi ya nyongeza inayochomekwa kwenye ubao, yenye pini 19 ndani, ambayo H61 inaipokea bila shida, mradi awe na nafasi iliyo wazi kwenye ubao na, kwa baadhi ya kadi hizo, waya wa umeme wa SATA (ule wa diski za ndani) usiotumika.