Visu vya kikomando vya Mwanjelwa: achana na bendera, uliza chuma

Vijana wa mipaini Mafinga na hawa wanaopeleka wageni Kitulo na mlima Rungwe wananiuliza sana kisu kizuri cha porini ni cha nchi gani. Nchi ina maana, ila sio kwa namna wauzaji wanavyotuambia.

Chukua hivi vya kukunja vya soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, vyeusi, vina bendera ya Marekani na maandishi USA makubwa ubavuni, bei 15,000 na ukibembeleza inashuka. Nimekitumia kwa kazi za kawaida tu, kukata kamba, kuchonga vigingi, kufungua mifuko ya mbolea. Kikiwa kipya kinanyoa hadi vinyweleo vya mkono lakini ukikata kamba za katani kidogo tu makali yanalala, unanoa, yanalala tena, na loki, ile inayozuia kisu kisijikunje, inacheza, sasa ikiachia huku umekandamiza ujue vidole vimeenda. Hakina jina la kiwanda wala jina la chuma. Hiyo bendera ni rangi tu jamani. Mmarekani mwenyewe, mfano Ka-Bar wa Olean kule New York, anakutajia chuma wazi kabisa kwamba ni 1095 Cro-Van.

Kuna na hii ya kuandika 440, namba ya aina ya chuma cha stenlesi, peke yake. Ukiona 440 haina herufi mbele yake shtuka, maana 440A ina kaboni kama asilimia 0.7 na 440C inafika 1 na kupita, yaani makali ya hizo mbili hayadumu muda sawa kabisa. Na hata chuma kikiwa kizuri, fundi akikosea kukipasha moto na kukizimisha kinatoka laini au kinatoka cha kumeguka, hapo ndo kiwanda kinapojulikana.

Ndo maana kumsema Mchina kwa jumla mimi sikubali. Spyderco ni kampuni ya Golden, Colorado, lakini visu vyake vingine vinatengenezwa Seki Japani, vingine Taichung Taiwan, vingine Maniago Italia, na vingine China, na nchi wanaiandika palepale kwenye kisu bila kuficha. China kuna mji unaitwa Yangjiang, mkoa wa Guangdong, kazi yao ni visu, vya hovyo vinatoka huko na vya maana vinatoka hukohuko. Ninacho kimoja cha chuma aina ya D2 kimetoka China, loki imekaza, makali yanakaa vizuri sana, ila D2 ina kromiamu kama asilimia 12 tu kwahiyo sio stenlesi kamili, kwa mvua za Tukuyu usipokifuta na kukipaka mafuta kinaota madoa. Mjerumani yeye amelinda jina la Solingen kwa sheria tangu 1938, kisu kisichotengenezwa kule hakiruhusiwi kubeba hilo jina, ingawa sokoni kwetu mtu yeyote anagonga muhuri anaotaka.

Kwa pesa yangu namba moja ni Mora wa Sweden, ile Companion ya stenlesi. Sio kisu cha kikomando kwa sura, mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki, na chuma hakifiki mwisho wa mpini kwahiyo usikitumie kung'olea vitu kama mtaimbo. Ila ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell ni 56 hadi 58, unakinoa kwenye jiwe la kawaida muda mfupi tu, kikilowa hakina shida, na kwao ni kisu cha bei ndogo cha mafundi na wavuvi. Hicho kinanifurahisha sana, kitu cha kazi ambacho hakijidai.

Na msiwadharau mafundi wetu wanaofua visu kwa springi za lori. Springi kwa kawaida ni chuma cha kaboni kama asilimia 0.6, kinavumilia kugongwa, kwa kupasulia kuni kinamzidi huyo mwenye bendera mbali sana, kutu tu ndo utapambana nayo.

Ukienda kununua beba tupa ndogo, omba uguse karibu na mpini pasipoonekana. Tupa ikiteleza au ikikwaruza kwa shida, chuma ni kigumu, jadili bei. Ikila kirahisi mrudishie kisu chake hata kama ameandika Ujerumani.