Vibakuli vya kuokea jibini: kipi ununue Dar, kipi ukiache dukani

Kabla ya kuuliza bei, amua utapika nini. Kibakuli chenye kuta wima na kisahani bapa cha kina kifupi hufanya kazi mbili tofauti, hata kama muuzaji anaviita vyote "bakuli za oveni".

Namba moja, na sioni mshindani: kauri nzito, kuta wima, ujazo wa mililita 150 hadi 200. Suflee ya jibini, ile ya Wafaransa ya mayai yaliyopigwa hadi kuumuka, hupanda kwa kufuata ukuta. Ndiyo maana ukuta hupakwa siagi kisha jibini iliyokunwa. Usijaze hadi ukingoni. Oveni nyuzi 190, dakika kama 15, na wageni wawe wameshakaa mezani, maana ikitoka tu huanza kunywea. Kibakuli hichohicho kitapokea makaroni ya jibini, au yai juu ya mchicha, hata pudini. Ukienda Kariakoo, kigeuze uone kama kitako kimekaa sawa, halafu kigonge kwa kucha. Kikitoa mlio safi, chukua. Mlio mfu ni ufa. Vyenye mstari wa dhahabu vipendeze kabatini tu, haviingii maikrowevu.

Cha pili ni kisahani bapa, hasa cha chuma kizito chenye masikio mawili. Wagiriki hukaangia jibini humo na kuiita saganaki. Waajentina huchoma jibini yao ya provolone kwenye kikaango kama hicho. Chuma hutunza moto, kwa hiyo jibini hufika mezani bado inachemka. Lakini kwa hewa yetu ya pwani, kisipokaushwa na kupakwa mafuta kitashika kutu upesi.

Huna oveni? Sufuria pana, mchanga chini, mkaa juu ya mfuniko, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Hapo kisahani bapa ndicho bora: uso mpana, ganda la kahawia kwa wingi.

Vikopo vya keki vya alumini ni rahisi na vinatosha kwa makaroni, ila visikae na nyanya wala ndimu; asidi huvila. Kioo nakiweka mwisho: ukikitoa kwenye friji na kukiingiza kwenye oveni yenye moto, au ukikitua kikiwa cha moto juu ya meza yenye maji, kinaweza kupasuka. Vijungu vya udongo visivyo na glezi, ule mpako unaong'aa kama kioo, vinapendeza, lakini jibini hunasa na harufu haitoki.

Kuhusu jibini yenyewe, Njombe inatengenezwa nzuri, huna haja ya kukimbilia ya ndege. Mozarela huvutika lakini ladha yake ni ndogo, kwa hiyo ichanganye na cheda. Halumi usitegemee iyeyuke. Na mozarela inayouzwa ndani ya maji ikate mapema, iache ichuje kwenye chujio, la sivyo makaroni yako yataogelea.