qemu-arm na -strace: uzoefu wangu wa kuandika soketi kwa asembli

Kwa miezi kadhaa sasa naandika seva ndogo ya TCP, programu inayopokea miunganisho ya mtandao, kwa asembli ya ARM, yaani lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe. Itakaa kwenye bodi ya zamani yenye prosesa ya ARM926EJ-S na Linux. Situmii maktaba ya C hata kidogo, maana programu ya C iliyofungwa na maktaba yake inakula mamia ya kilobaiti, nayo bodi hii kumbukumbu yake ni haba. Chochote ninachotaka naiomba mwenyewe kerneli, kile kiini cha Linux. Kazi karibu yote nimeifanyia ndani ya qemu-arm, ile sehemu ya QEMU inayoendesha programu moja ya ARM juu ya kompyuta ya kawaida bila kuwasha mfumo mzima. Ni ya bure, na chanzo chake kiko wazi.

Asiyewahi kuijaribu kazi hii ajue inavyokwenda. Kila ombi kwa kerneli huitwa wito, nao una namba yake. Namba hiyo inawekwa kwenye r7, mojawapo ya rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa), vigezo vinapangwa kuanzia r0, kisha unaandika svc #0, agizo la kuiita kerneli, na jibu linarudi kwenye r0. Kufungua soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya mtandao, ni 281, bind (kuipa anwani na poti) ni 282, listen (kusikiliza) 284, accept (kupokea muunganisho) 285. Ugumu unakuja pale unapokosea, kwa sababu asembli haikuonyi. Programu inanyamaza tu, au inafanya jambo jingine kabisa ambalo hukuliomba.

Hapo ndipo bendera ya -strace, chaguo la amri ya qemu-arm, iliponivutia. Ukiandika qemu-arm -strace ./seva, kila wito unachapishwa pamoja na vigezo vyake na jibu lake. Mara ya kwanza seva yangu iliwaka bila kosa lolote, lakini kila nilipojaribu kuunganisha kwenye poti 8080 nilikataliwa. Nikasoma mstari wa bind: poti iliyoandikwa pale ilikuwa 36895. Nilikuwa nimeandika .hword 8080, yaani namba ya baiti mbili, ndani ya muundo wa anwani wa baiti 16 ambao bind hupewa. Kwa heksadesimali 8080 ni 0x1F90, na ikahifadhiwa baiti ndogo mbele, 90 kisha 1F, wakati mtandao unasoma baiti kubwa kwanza. Nikabadilisha kuwa .hword 0x901F, mambo yakanyooka. Bila mstari ule ningekesha nikilaumu ngome ya mtandao.

Mara nyingine ilinisaidia kwenye setsockopt, wito namba 294 wa kuweka mipangilio ya soketi. Huo una vigezo vitano, kwa hiyo unafika hadi r4, na mimi namba ya soketi nilikuwa nimeihifadhi humo humo r4. Wito wenyewe ulipita vizuri, lakini bind iliyofuata ikaonekana inapewa soketi namba 4 badala ya 3. Nne ndiyo kigezo cha tano cha setsockopt, yaani urefu wa thamani inayowekwa. Tangu siku hiyo namba ya soketi naiweka r8, mbali na njia.

Kuna kitu kimoja kwenye uchapishaji wake ambacho sikipendi. Wito ukishindwa, inaonyesha jibu kuwa -1 na namba ya kosa pembeni, kwa mfano 98 pale anwani inapokuwa bado imeshikiliwa. Ndani ya rejista hakuna -1, kuna -98. Anayeanza akiamini maandishi yale ataandika ulinganisho na -1, na programu yake itapita juu ya kila kosa kana kwamba hakuna kilichotokea. Linganisha r0 na sifuri, ukikuta hasi ruka kwenye sehemu ya makosa.

Siku niliyohamishia kila kitu kwenye bodi ndiyo iliyoniumiza. Programu iliyokuwa ikienda vizuri wiki nzima ilikufa papo hapo: agizo haramu, ishara namba 4. Hata soketi ya kwanza haikufunguliwa. Chanzo kilikuwa mstari mmoja, movw r7, #281, agizo la kuweka 281 ndani ya r7. ARM ya zamani hupokea namba ya moja kwa moja ikiwa tu inatoshea biti nane zilizozungushwa kwa hatua za mbili mbili. 284 inatoshea, kwa kuwa ni 71 iliyosogezwa biti mbili, 281 haitoshei. Mimi nilitumia movw kukwepa kikwazo hicho, na movw haimo kabisa kwenye ARMv5, kizazi cha prosesa ya bodi hii. Asembla yangu, programu inayogeuza asembli kuwa maagizo ya mashine, ilikubali kwa sababu sikuiambia ni prosesa gani, na qemu-arm ikakubali kwa sababu hiyo hiyo: usipoitajia prosesa, inajifanya ARM mpya inayojua kila kitu.

Dawa ilikuwepo siku zote. Unaongeza -cpu arm926, nayo inakataa agizo lile lile kama bodi inavyokataa. Kwa asembla naweka -mcpu=arm926ej-s, na 281 naipakia kwa ldr r7, =281 ili asembla yenyewe iihifadhi karibu na msimbo. Natamani maelezo ya kuanzia yangeliweka jambo hili mbele kabisa, kwa herufi nzito.

Ukiongeza -g 1234 programu inasimama ikingoja gdb, chombo cha kusaka makosa, na unaweza kupita agizo baada ya agizo ukitazama rejista. Inafanya kazi ipasavyo, ingawa kwa soketi nimeihitaji mara chache. Kwa kawaida -strace huwa imeshaniambia ninachotaka.

Kasi usiipime ndani ya qemu-arm. Kinachojibu wito ni kerneli ya kompyuta yako, na maagizo yanatafsiriwa njiani, kwa hiyo muda unaouona hauhusiani na bodi. Upimaji wa kasi naufanyia kwenye bodi yenyewe, kwa programu ambayo qemu-arm imeshaipitisha kwa -cpu arm926, na tangu nianze utaratibu huo ishara namba 4 sijaiona tena.