Lenzi ya kupigia picha ndege zikiwa angani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mwambie muuzaji wa kamera pale Moi Avenue, Nairobi, kwamba unataka lenzi ya maonyesho ya ndege, naye atakutolea ndefu kuliko zote kabatini. Mshukuru, kisha mwombe airudishe. Maonyesho hufanyika mchana, juani, na sehemu kubwa ya bei ya zile lenzi nene ni uwezo wa kupokea mwanga hata kunapokuwa na giza. Hapo huna kazi nao. Unachotaka ni mvuto wa milimita 400 hivi (milimita zikizidi, lenzi huvuta karibu zaidi), kituliza mtikisiko cha kuaminika, na uzito ambao mikono yako itaubeba hadi jioni.

Kituliza mtikisiko ndicho wanunuzi wengi wanachokipuuza, kwa hiyo nianze nacho. Jeti haina taabu. Ikipita F-5 ya Jeshi la Anga la Kenya, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia, iwe 1/1600 ya sekunde au zaidi, ifuate, bofya. Mtihani ni ndege ya panga boi. Chukua ndege ndogo ambayo panga boi lake linazunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000, panga linasogea nyuzi 14 tu shata ikiwa wazi. Kwenye picha litaonekana limesimama kabisa, na ndege itaonekana imezima injini ikasahau kuanguka. Ukishuka hadi 1/125 linasogea nyuzi 115, na mtazamaji anaona kitu kinachozunguka.

Helikopta ni kazi zaidi. Rota kuu ya Robinson R44 huzunguka mara 400 hivi kwa dakika, kwa hiyo hata 1/125 inakupa nyuzi 19 tu. Wazoefu hushuka hadi 1/60. Sasa hebu fikiria milimita 400 mkononi, unageuka kiunoni kufuata helikopta, shata ikiwa 1/60, na lenzi haina cha kuituliza. Picha mia, zinazofaa labda mbili. Hiki ndicho kipimo nilichotumia kupanga orodha hii.

1. Lenzi nyepesi za 100-400

Kama una Canon ya kizazi kisicho na kioo ndani (mirrorless), yaani zile za mfumo wa R, nunua RF 100-400mm f/5.6-8 uondoke dukani. Ilitoka 2021 kwa bei ya dola 650 hivi, na ina gramu 635 tu. Watu huikimbia kwa sababu ya hiyo f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo), wakidhani itawaacha gizani. Piga hesabu: kwa jua la wazi, f/8 na ISO 400 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga) zinakupa 1/1600, kasi ile ile tunayoitaka kwa jeti. Itakusumbua mawingu yakitanda au jua likizama, na wakati huo maonyesho mengi yamekwisha.

Mwenye kamera ya zamani ya kioo (DSLR), Canon au Nikon, atafute Sigma 100-400mm f/5-6.3 Contemporary ya 2017. Ina gramu 1,160. Ubavuni ina swichi ya kituliza mtikisiko, na namba 2 ni ya kufuata kitu kinachopita: lenzi inatuliza mtikisiko wa juu na chini, haishindani nawe unapogeuka pembeni. Swichi hiyo ina thamani kuliko milimita 200 za ziada.

Wenye pesa zaidi kidogo na wapenzi wa Canon watauliza habari za EF 100-400mm L. Toleo la pili, la 2014, ni lenzi nzuri mno na sasa hupatikana ikiwa imetumika. La kwanza, la 1998, la kusukuma na kuvuta, kituliza chake ni cha enzi zake. Lichukue tu kama bei imeshuka kweli kweli.

2. Lenzi ndogo za 55-250 na 70-300

Najua nafasi hii itawakera wengi. Lakini kama una Canon 700D au kamera nyingine ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea picha), EF-S 55-250mm IS STM ya 2013 inakupa mwonekano wa milimita 400, kwa gramu 375. Kwa kundi la ndege zinazoruka pamoja, kwa askari wa miamvuli wanaoshuka, kwa helikopta inayopita karibu na umati, inatosha. Katika tamasha la ndege la Uhuru Gardens, Nairobi, lililofanyika Mei 2022 na tena Mei 2023, hivyo ndivyo vitu ambavyo familia nyingi zilikwenda kuona.

Kwa Nikon, soma maandishi kwenye pete kabla ya kutoa hela. AF-P DX 70-300mm iko ya aina mbili zinazofanana kwa sura: moja ina herufi VR, nyingine haina. Unayoitaka ni yenye VR, jina la Nikon la kituliza mtikisiko. Tena, AF-P haielewani na kamera za zamani kama D90. Utaifunga, itakaa vizuri, na haitafokasi.

3. Nikon Z 180-600mm na Sony FE 200-600mm

Kwa picha peke yake, hizi ndizo bora katika orodha hii. Zote mbili hazirefuki unapovuta karibu. Kwa hiyo uzito hauhami mbele, na mkono hauchoki haraka kama ungechoka na lenzi inayotoa shingo. Nikon ya 2023 ilianza kwa dola 1,700, Sony ya 2019 kwa dola 2,000. Ziko nafasi ya tatu kwa sababu ya kilo mbili. Ukiwa unasafiri kwenda Dubai Airshow mwezi wa Novemba, au Fairford kule Uingereza mwezi wa Julai, ambako maonyesho ya angani huchukua masaa, zibebe bila kujuta, ila nenda na kiti. Kwa mtu anayepiga ndege mara moja kwa mwaka zikipita siku ya Jamhuri, pesa hiyo ina kazi nyingine.

Na milimita 600 hazikusaidii ndege ikiwa mbali. Kuanzia saa tano hewa ya joto hutetema juu ya lami, na ukivuta kitu cha kilomita mbili unapiga picha ya huo mtetemo. Hakuna lenzi inayoutibu.

4. Sigma na Tamron 150-600 zilizotumika

Sigma Contemporary ina gramu 1,930, Tamron G2 ya 2016 ina 2,010. Ni njia ya bei nafuu ya kufika 600, na kwa ndege wa porini ningezipandisha. Kwa ndege za chuma, fokasi yao inaweza kuchelewa ndege inapokujia uso kwa uso.

Za kuacha dukani

Canon EF 75-300mm III, ile inayofungashwa pamoja na kamera za bei ya chini kama "lenzi ya pili", haina kituliza mtikisiko. Ukipewa bure, pokea. Nikon P1000, ambayo ni kamera yenye lenzi isiyotoka, ina mvuto sawa na wa milimita 3000 na inapiga mwezi vizuri ajabu, ila kuitafuta jeti angani kupitia kile kioo chake kidogo ni adhabu. Vipande vya kuongeza urefu vinavyofungwa nyuma ya lenzi vinakula mwanga na fokasi, hasa kwa lenzi ambayo tayari ni f/6.3.

Kabla ya kulipa

Usiridhike kujaribu lenzi kwa kupiga picha ya kabati. Toka nje mlangoni na muuzaji, mkanda shingoni na kamera umeikamata barabara, maana mjini ni mjini. Vuta hadi mwisho, weka 1/125, fuata matatu inayopita na upige mfululizo. Rudi ndani, kuza picha, usome maandishi ya ubavuni. Ukiyasoma vizuri katika picha tatu kati ya kumi, kituliza kinafanya kazi.

Kwa lenzi iliyotumika, hasa iliyokaa Mombasa, Unguja au Dar, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Nyuzi nyembamba zenye matawi ni kuvu. Vumbi kidogo si neno. Kuvu iache hapo hapo, hata akupunguzie nusu bei.

Mazoezi fanyia barabarani, kwa matatu, daladala na mwewe. Ukielekeza lenzi ndefu kwenye uzio wa uwanja wa ndege, sembuse kambi ya jeshi, utaulizwa maswali na huenda kamera ikabaki huko.