Kucha za mbwa anayeogopa mkasi: ununue nini kwanza, nini baadaye, na nini uache dukani

Mbwa anayejificha chini ya meza akiona mkasi wa kucha si mkaidi, anakumbuka. Ndani ya kila ukucha kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Mkasi ukiifikia, maumivu ni makali na damu hutoka nyingi. Mara moja yatosha. Lakini wapo wengi ambao hawajawahi kutoka damu na bado wanatetemeka, kwa sababu kila safari wanashikwa mguu kwa nguvu, wanakandamizwa sakafuni, kisha wanasikia ukucha ukiminywa kabla haujakatika. Ukiwauliza watu wanaofuga mbwa wa namna hii wanatafuta nini, wengi watasema kifaa cha kumaliza kazi haraka. Mimi naona hapo ndipo pesa zinapopotea. Vifaa vya hapa chini nimevipanga kwa swali moja tu: kinamwachia mbwa nafasi gani ya kukubali au kukataa? Mbwa mwenye nafasi ya kukataa ndiye anayekuja kukubali.

Kabla hujanunua chochote, mkague miguu. Mbwa aliyekuwa akikatwa kucha vizuri, halafu ghafla akaanza kung'aka, huenda ana ukucha uliopasuka, shina la ukucha lenye maambukizi, au viungo vinavyouma kwa uzee kiasi kwamba kuvutwa mguu kwa pembeni ni mateso. Huyo anahitaji daktari wa mifugo kwanza.

Na zijue dalili za woga. Kung'aka na kuuma huja mwisho. Kabla ya hapo mbwa hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, au huganda. Hii ya kuganda ndiyo inayowapoteza watu wengi: mbwa ametulia tuli, mwenye mbwa anafurahi kwamba leo amekuwa mpole, kumbe mnyama amekata tamaa.

Nafasi ya kwanza: ubao wa msasa

Ni ubao mpana uliobandikwa msasa, na mbwa anaukwangua mwenyewe kwa miguu yake. Humshiki wala humfungi, na hakuna kinachomsogelea. Akichoka anaondoka. Kwa mbwa mwenye woga mkubwa sijaona kifaa kinachoukaribia ubao huu, na bado maduka mengi huuweka pembeni kama kitu cha kuchezea.

Cha kuangalia unaponunua ni upana, uzito na namba ya msasa. Upana uwe wa kutosha mbwa kuburuta mguu mzima bila kugonga ukingo. Uzito au mpira wa chini uuzuie usiteleze, maana ubao ukimkimbia mara moja mbwa mwoga hatarudi. Namba ya msasa kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo unavyokwaruza zaidi: 80 inafaa mbwa wakubwa wenye kucha nene, 120 inafaa wadogo. Chagua aina ambayo msasa wake unabadilishika, kwani huisha makali. Fundi seremala yeyote anaweza kukutengenezea, nawe ukabandika msasa mwenyewe, na utafanya kazi sawasawa na wa dukani. Ubao uliopinda kidogo katikati kama mfereji ni bora kuliko ulio bapa, kwa sababu kwenye bapa kucha mbili za kati huisha haraka huku za pembeni zikibaki ndefu.

Kumfundisha huanza hivi. Laza ubao sakafuni, weka kipande cha nyama juu yake, kifunike kwa kitambaa. Mbwa atanusa, atasukuma kwa pua, kisha atatumia mguu. Mguu ukigusa tu ubao, mwambie "ndiyo!" na umpe kipande kingine kutoka mkononi. Rudia mpaka awe anaupiga ubao bila kitambaa, halafu uinue upande mmoja kidogo kidogo hadi usimame mshazari, ukiushika imara kwa mikono miwili au ukiuegemeza kwenye paja lako. Sasa acha kulipa mguso, lipa mburuto. Mara kadhaa kwa kila mguu zinatosha kwa siku ya kwanza, kisha geuza unyayo uangalie: ngozi isiwe imechubuka, na ncha ya ukucha isiwe imeanza kuonyesha nyama.

Upungufu wake ni miwili. Miguu ya nyuma ni migumu kufundisha, ingawa mbwa wenye tabia ya kuparua ardhi baada ya kukojoa hushika upesi. Na ule ukucha wa dole gumba, ulio juu upande wa ndani wa mguu, haugusi ubao kabisa. Huo pia haugusi ardhi mbwa anapotembea, kwa hiyo hausagiki wenyewe na ukiachwa hujikunja hadi kuchoma ngozi. Kwa ajili yake utahitaji kifaa cha pili.

Nafasi ya pili: mashine ya kusaga kucha

Mashine hizi zina mota ndogo inayozungusha kichwa cha msasa au cha chenga za almasi. Haziminyi ukucha, na hilo ndilo linalozipa nafasi ya pili. Pia unaondoa kidogo kidogo, hivyo ni vigumu kuishtukia nyama ya ndani.

Watu wengi huziita zote Dremel, jina la kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1932 kutengeneza vifaa vya mafundi. Hapa kuna jambo la kujua: mashine ya fundi ya kuchonga mbao huweza kuzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya kuunguza ukucha. Mashine ya mbwa iwe na kasi mbili au zaidi, na ya chini kabisa iwe chini ya mizunguko 10,000. Lakini usikimbilie iliyo dhaifu pia. Vimashine vidogo sana husimama vikikutana na ukucha mnene wa mbwa mkubwa, nawe unalazimika kushika mguu muda mrefu zaidi, jambo ambalo mbwa mwoga halivumilii.

Neno "kimya" kwenye kifungashio usilitegemee. Sikio la binadamu hukomea kwenye takriban hezi 20,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa mlio), la mbwa husikia zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo mlio mwembamba usioupata wewe yeye anaupata. Ikiwezekana iwashe dukani uiweke mkononi: mtetemo unaohisi kiganjani ndio atakaouhisi mguuni. Angalia pia kama vichwa vya akiba vinapatikana kirahisi, maana mashine nzuri isiyo na msasa wa kubadilishia haina kazi.

Kumzoesha ndiko kazi ilipo. Siku za kwanza mashine iwe imezimwa, imelala tu chini, na kila anapoinusa anapata nyama. Baadaye iwashe ukiwa mbali, hata chumba kingine. Utaratibu ni muhimu sana hapa: sauti itangulie, nyama ifuate. Ukitanguliza nyama, mbwa hujifunza kwamba nyama ni onyo la mashine, na utamkuta anakimbia hata bakuli. Sogea karibu siku kwa siku, kisha mguse begani kwa mgongo wa mashine ikiwa inatetemeka, kisha kwenye mguu, na mwisho ukucha mmoja, sekunde moja, basi. Akivuta mguu, uachie. Ukiung'ang'ania umebomoa kazi ya wiki.

Ukishaanza kusaga, usikae sehemu moja zaidi ya sekunde moja au mbili, maana msuguano huleta joto na joto likifika ndani linauma. Mbwa mwenye manyoya marefu mvishe soksi nyembamba ya zamani, uitoboe soksi ili kucha zitokeze nje, ili manyoya yasijizungushe kwenye mota. Funga na nywele zako. Vumbi la kucha ni laini na linaingia puani, kwa hiyo fungua madirisha, na ikibidi vaa barakoa.

Nafasi ya tatu: mkasi wa kucha wenye makali

Nashangaa kidogo kuuweka juu hivi katika orodha ya mbwa wanaouogopa, lakini mkasi wenyewe si adui. Adui ni mkasi butu, unaominya ukucha badala ya kuukata. Nunua ule wa umbo la koleo, wa chuma cha pua, na uchukue saizi ndogo kuliko anavyokushauri muuzaji. Mkasi mdogo hukuonyesha unachokata. Ule mkubwa unafaa mbwa majitu tu. Kibati cha kuzuia usikate sana hakijui nyama ya mbwa wako inaishia wapi, hivyo kisikupe ujasiri.

Kata vipande vyembamba. Kwenye ukucha mweupe utaiona nyama ya waridi ndani. Kwenye ukucha mweusi angalia uso uliokatwa: mwanzo ni mkavu kama chaki, ukiendelea inatokea nukta ya rangi tofauti katikati, yenye unyevunyevu. Hapo acha. Nukta hiyo ndiyo mlango wa nyama.

Mbwa wengi wana kucha 18, nne kila mguu pamoja na mbili za dole gumba za mbele. Hakuna sheria inayosema zikatwe zote kikao kimoja. Ukucha mmoja kwa siku unakumalizia mzunguko chini ya wiki tatu, muda ambao ukucha wa kwanza ndio unaanza kudai tena. Kwa mbwa mwoga huu ndio mwendo ninaoutetea kuliko mwingine wowote. Kadiri ncha zinavyopunguzwa mara kwa mara, nyama ya ndani nayo hurudi nyuma taratibu, hata zile kucha ndefu zilizokuwa zikigonga sakafu kila hatua.

Nafasi ya nne: tupa ya mkono

Haina mlio, haitetemeki, ni ya bei ndogo. Kwa mbwa mdogo au kwa kulainisha kingo baada ya mkasi inafaa. Kwa mbwa mkubwa utachoka wewe kabla yake.

Nafasi ya tano: kikatio cha tundu

Hiki unapitisha ukucha kwenye kitundu, wembe wa chuma unateleza na kukata. Makali yakiwa mapya hukata safi, lakini huisha upesi na yasipobadilishwa huponda. Zaidi ya hayo, ili ukucha uingie tunduni mguu lazima ushikwe tuli kabisa, na mbwa mwoga akiuvuta ghafla ukucha unavutwa nao. Sikipendekezi kwa mbwa huyu.

Vitu vidogo vya kuongeza kapuni

Unga wa kuzuia damu ununue hata kabla ya mkasi. Bonyeza kidogo kwenye ncha inayovuja, ushikilie. Unawasha kidogo. Ukikosekana, wanga wa mahindi husaidia. Damu isipokatika ndani ya dakika 20, piga simu kwa daktari.

Mkeka wa kulamba, ule wa mpira wenye vinyweleo, nao ni mzuri, ila utumie mbwa akiwa ameshaanza kuzoea. Ukimpumbaza kwa mkeka kisha ukamuumiza, ataanza kuuogopa mkeka pia. Ukipaka siagi ya karanga soma lebo kwanza utafute neno xylitol. Ni kitamu cha kuwekwa badala ya sukari, kinachoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na kinaweza kuharibu ini.

Kama ameshawahi kuuma, nunua kifunga mdomo cha kikapu, si kile cha kitambaa kinachobana. Kwenye kikapu anahema, anakunywa, na anapokea nyama kupitia matundu. Naye azoeshwe siku kadhaa kabla ya kazi.

Uache dukani

Machela ya kumning'iniza mbwa miguu ikielea hewani. Video zake zinavutia kwa sababu mbwa anatulia, ila ni utulivu ule ule wa kuganda niliousema. Mikasi yenye taa au kihisi cha kuonyesha nyama: kwenye ukucha mweusi mwanga haupenyi, na huo ndio ukucha uliokupeleka dukani. Vifuniko vya plastiki vya kubandika juu ya kucha haviuzuii ukucha kukua, na kuvibandika kwenyewe kunataka mguu ushikwe muda mrefu.

Ikiwa hata ubao haukubaliki

Wapo mbwa ambao woga wao umevuka kifaa chochote. Kwa hao nenda kwa daktari wa mifugo uzungumzie dawa za kutuliza, kama gabapentini au trazodoni, ambazo madaktari huandika kwa ajili ya hofu ya namna hii. Usimpe dawa ya binadamu kwa kukisia: gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa watu wakati mwingine ina xylitol ile ile. Muulize daktari kama unaweza kujaribu dozi siku ya kawaida nyumbani, ili ujue inamfanyaje mbwa wako kabla ya siku ya kazi. Na kama kuna siku mbwa atalazwa usingizi kwa jambo lingine, kusafishwa meno kwa mfano, omba wamkate kucha humo humo. Ataamka akiwa na kucha fupi, nawe utakuwa na wiki kadhaa za kumfundisha ubao bila haraka.