Unga wa ugali na uji: upi ununue ukitaka nyuzinyuzi za kweli

Dukani tunaulizia bei, kisha tunatazama weupe. Mimi naulizia kitu kimoja zaidi: ni nini kilichobaki mashineni? Punje ya nafaka imejaa vyumba vidogo sana, yaani seli, na kila seli ina ukuta wake. Wanga umo ndani ya vyumba. Kuta zenyewe ndizo nyuzinyuzi. Zilizo nene ziko kwenye ganda na tabaka lililo chini yake, zile tunazoziita pumba. Za sehemu nyeupe ya katikati ni nyembamba mno. Ukikoboa mahindi, umeondoa kuta zilizo nyingi ukabaki na wanga, na bei yake mara nyingi ni ya juu zaidi.

Wazo hili lina historia ya hapa kwetu. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alitibu watu Kenya na Uganda kuanzia 1929 kwa karibu miaka 30. Mwaka 1972 ndiye aliyezieleza nyuzinyuzi za chakula kuwa ni mabaki ya kuta za seli za mimea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyameng'enya. Leo Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kwa nyumba ambayo ugali unapikwa kila siku, sehemu kubwa ya gramu hizo inapatikana au inapotea pale unaponunua unga.

Namba moja: ulezi

Nauweka juu kwa sababu moja: kiganda cha ndani cha punje ya ulezi kimeshikamana na wanga, na punje yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ni shida kuukoboa. Kwa hiyo karibu kila ulezi unaouzwa umesagwa mzima. Gramu 100 zina nyuzinyuzi kama gramu 11, na kalsiamu zaidi ya miligramu 300, wakati mahindi hayafiki hata 10. Kasoro yake kubwa ni mchanga. Nunua punje badala ya unga, uoshe kwa maji mengi huku ukiuhamisha kutoka sufuria hadi sufuria ili mchanga ubaki chini, uanike ukauke kabisa, ndipo upeleke mashineni.

Jihadhari na mifuko ya "unga wa lishe". Soma orodha ya vilivyomo, kwa kawaida kilicho kingi hutajwa kwanza. Kama ulezi umetajwa wa mwisho, unanunua mahindi yenye rangi ya ulezi.

Namba mbili: dona, kwa sharti

Dona nzuri, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa, ina nyuzinyuzi takriban gramu 7 kwa kila gramu 100. Ugali wa mtu mmoja aliyeshiba, wa unga gramu 150, unampa zaidi ya gramu 10. Ukuta wa ganda la hindi umejengwa zaidi kwa arabinoksilani, minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja na asidi ya feruliki kana kwamba imeshonwa. Mshono huo ni mgumu hata kwa bakteria wa utumbo mpana, kwa hiyo sehemu kubwa hupita nzima na kufanya choo kiwe kikubwa na laini. Kwa mwenye tatizo la kukosa choo, dona ni msaada wa kweli.

Sasa sharti lenyewe, na hapa sitanii. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha hindi, sehemu zile zile tunazozitaka. Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kukoboa hupunguza sumukuvu, kwa hiyo dona ya mahindi mabaya ni hatari kuliko sembe ya mahindi hayo hayo. Kupika hakuiondoi. Ndiyo maana sinunui dona ya kupima ambayo sijui mahindi yake yalitoka wapi. Nunua mahindi makavu, yale ambayo ukiyang'ata yanalia kwa ukavu. Yamwage kwenye ungo, toa yaliyooza, yaliyobadilika rangi, yaliyopasuka na yaliyotobolewa na wadudu, kisha usagishe ukiwa umesimama pale pale.

Niliwahi kuuziwa "dona" ambayo kumbe ilikuwa sembe iliyochanganywa na pumba kidogo ili ionekane. Niligundua nilipochekecha nyumbani: unga ulipita mweupe pe, na pumba iliyobaki haikujaza hata kiganja. Dona halisi ina rangi ya maziwa yaliyokolea, na ukiinusa unapata harufu tamu ya hindi kwa sababu kiini kina mafuta. Mafuta hayo hayo huifanya ichache mapema. Sagisha ya wiki mbili au tatu tu.

Mtama na uwele

Hivi vinakuja baada ya dona, japo mtama mzima unakaribiana nayo kwa nyuzinyuzi na hustahimili ukame. Mtama mwekundu mara nyingi una tanini zinazouletea ukakasi na kuzuia protini isitumike vizuri mwilini, hivyo kwa watoto chukua mweupe. Unga wa uwele huharibika haraka sana, nunua kidogo.

Oti na shayiri: namba moja kwa mwenye lehemu (kolesteroli) nyingi

Kuta za nafaka hizi mbili zina beta-glukani nyingi, ambayo huyeyuka majini. Ule utelezi wa uji wa oti ndio wenyewe. Hunasa asidi za nyongo utumbo ukiwa unafanya kazi, ini likalazimika kutengeneza nyingine kwa kutumia lehemu iliyomo kwenye damu. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku zinatosha kuleta tofauti, na Marekani iliruhusu dai hilo liandikwe kwenye pakiti za oti tangu 1997. Hizo ni kama gramu 75 za oti kavu. Bei ndiyo inayonifanya nisiziweke juu kwa kila mtu. Shayiri inalimwa Kenya na Tanzania, ila nyingi huenda viwanda vya bia. Ukiipata nzima sokoni, ichukue.

Atta

Atta halisi ni unga wa ngano nzima, na ina nyuzinyuzi kama gramu 10 kwa 100, nyeupe haifiki 3. Lakini si kila unga wa kahawia ni ngano nzima. Geuza pakiti uangalie nyuzinyuzi: ikiwa chini ya gramu 8 kwa 100, kuna pumba iliyochekechwa na kuondolewa.

Sembe

Mwisho. Gramu 2 hadi 4, basi. Naitetea mahali pawili tu: pale mahindi yanapotiliwa shaka na hakuna mengine, na kwa mtoto mdogo anayeanza kula, maana tumbo lake dogo likijaa pumba hapati chakula cha kutosha. Ukiinunua kwa sababu hizo, panga maharage na mboga za majani kwenye sahani hiyo hiyo.